Kijiko Baada ya Mswaki

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata chai haijachemka, mama yangu huanza kutangaza. Husimama katikati ya jiko, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko kama kipaza sauti, kisha husema taratibu, “Abiria wote wa basi la saa moja na nusu, tafadhali sogeeni mlango namba tatu. Narudia, mlango namba tatu.” Mdogo wangu, ambaye wakati huo huwa bado yuko nusu usingizini, huinuka na kusogea mlangoni. Sote hucheka, kila siku, kana kwamba ni mara ya kwanza.

Mama ni mtangazaji wa kituo cha mabasi. Hukaa ghorofani, kwenye chumba kidogo chenye madirisha ya kioo, na sauti yake hushuka kupitia vipaza sauti vyote vya stendi. Akiongea sokoni, watu hugutuka, hutazama saa zao na kushika mabegi vizuri. Mji mzima unamwita Mama Stendi. Mimi nimerithi koo lake. Shuleni naitwa Kengele, kwa sababu mwalimu wa zamu akitaka wanafunzi waingie darasani huwa hajisumbui kugonga chuma, ananiambia mimi. Mimi ni mtu wa maneno, sikatai. Ila habari hii inahusu wiki tatu ambazo nilinyamaza, na kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Nyumbani tuko watano. Kuna huyo mdogo wangu, mwenye miaka sita, tunayemwita Kibogoyo kwa kuwa meno yake mawili ya mbele yaling'oka wiki moja na hayakuwa na haraka ya kuota tena. Kuna baba, ambaye ni seremala. Baba haongei sana, na akiongea mara nyingi anaulizia penseli yake, ambayo iko sikioni kwake. Halafu kuna bibi, mama yake mama. Zamani bibi alikuwa mwimbaji wa harusini. Anasema aliweza kuimba tangu bwana harusi anaingia mpaka vyombo vinaoshwa, bila kukohoa hata mara moja.

Bibi ndiye aliyekuwa na sheria ya asali. Kila jioni, tukishapiga mswaki, tulipanga foleni mbele ya kiti chake: mama, mimi, kisha Kibogoyo. Mama mzima, mwenye kazi yake, naye alipanga foleni! Bibi alichota asali kwa kijiko cha bati na kusema, “Fungua.” Tukafungua. “Usinywe maji juu yake. Iache iteremke yenyewe.” Tukatikisa vichwa. “Haya, kalale na sauti yako.”

Mchana ilikuwa zamu ya pipi za koo. Mfuko wa mama haukukosa pipi hizo. Aliweka moja kwenye shavu la kushoto asubuhi, ikiisha akaweka nyingine, na kutangaza mabasi siku nzima huku shavu limetuna kidogo. Mimi niliiga. Nani asingependa kuambiwa kwamba kunyonya pipi ni kazi?

Baba peke yake hakupanga foleni. Bibi alimwita mara kwa mara, “Mkwe, njoo na wewe ulambe,” na baba akajibu kwa adabu, “Nashukuru, mama. Inaninata kwenye ndevu.” Kisha alikwenda bombani na mswaki wake. Alipiga mswaki wa mwisho kuliko watu wote, polepole, jino moja moja, juu na chini, nje na ndani, mpaka tukachoka kumsubiri azime taa ya ukumbini. “Baba anapiga randa,” Kibogoyo alisema, na mimi nikaanguka kwa kicheko. Hata siku moja haikutujia kwamba baba ndiye mwenye meno ya kuchekea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku moja mama alirudi kutoka kazini anatembea kama anacheza. Meneja wa stendi alikuwa ameamua kuweka matangazo ya kurekodiwa. Fundi wa mitambo angekuja Ijumaa moja tu, baada ya karibu majuma manne, na angerekodi sauti ya mama. “Na kuna tangazo moja la watoto,” mama alisema, akinitazama kwa jicho la pembeni. “Meneja anataka sauti ya mtoto. Nimemwambia ninaye nyumbani, amejaa tele.”

Nilipiga yowe mpaka bibi akashika masikio. Tangazo langu lilikuwa na sentensi mbili tu: “Watoto, shikeni mikono ya wakubwa wenu. Msikimbie karibu na mabasi.” Sentensi mbili, lakini zingesikika kila baada ya nusu saa, miaka na miaka. Nilimwambia kila mtu darasani. Nilimwambia mpishi wa shule. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoitaka Ijumaa ile.

Jumatatu iliyofuata, tabibu wa meno alikuja shuleni. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, na alibeba tochi, kioo kidogo cha mpini mrefu na rundo la kadi zenye mchoro wa meno. Aliketi chini ya dirisha la darasa letu, tukapita mmoja mmoja. Wenzangu walikuwa na hofu. Mimi sikuwa nayo, maana najua nyumbani kwetu hakuna anayelala bila kupiga mswaki.

“Unapiga mswaki mara ngapi?” tabibu aliniuliza.

“Mara mbili kwa siku, bila kukosa,” nilijibu kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya darasa.

“Vizuri sana. Fungua.”

Alimulika. Akamulika tena. Aligusa gego la chini upande wa kulia kwa kitu chembamba, nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. Aliandika kwenye kadi, akanipa huku akinitazama machoni.

“Mashimo matatu, binti yangu. Hili la chini ni kubwa, limekwenda ndani. Mpe mama hii kadi leo leo. Uje naye kliniki wiki hii, sawa?”

Nyuma yangu mtu aliguna, mwingine akacheka. Masikio yaliniwaka moto. Matatu! Msichana tunayekaa naye dawati moja, ambaye hupiga mswaki akikumbuka, alikuwa na sifuri. Nilirudi kwenye kiti changu nimenywea, nikaisoma ile kadi chini ya dawati. “Aje haraka,” iliandikwa, na chini ya “haraka” kulikuwa na mstari.

Haraka ya nini? Nilijua jibu. Wangening'oa. Ningevimba, ningeongea kama mtu mwenye kiazi mdomoni, na Ijumaa yangu ingekwenda na maji. Basi nilifungua atlasi, nikaitumbukiza kadi kwenye ukurasa wa bahari, nikaifunga. Nilijiambia nitaitoa Jumamosi baada ya kurekodi. Majuma matatu tu. Jino limekaa mdomoni miaka yote, lishindwe majuma matatu?

Jioni mama aliuliza, “Haya, tabibu wa meno alisemaje?”

“Amesema nina meno mazuri,” nilijibu. Jibu lilitoka laini kabisa, hata mimi nilishangaa.

“Nilijua!” bibi alipiga paja. “Na ukoo wetu ulivyo na meno mabovu! Mimi nilibaki na magego mawili sijafika hata miaka arobaini. Mama yenu naye, lile la kushoto linamsumbua kila mwaka. Angalau wewe umepona.” Kisha akachota asali. “Fungua.”

Nilifungua. Asali ikateremka mpaka kwenye lile shimo, na nikaona nyota. Machozi yalinitoka. Bibi alidhani ni furaha.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa visingizio. Nilitafuna upande mmoja. Maji ya baridi niliyaacha yapate joto la jua kwanza. Ugumu wa mkate nilimsingizia mwokaji. Jino likigonga darasani, nilitia pipi ya koo shavu lilelile, kwa sababu ile baridi yake ilinituliza kidogo. Kisha utamu ukayeyuka, na maumivu yakarudi na ndugu zao. Kila siku tulifanya mazoezi na mama jikoni. “Usivute pumzi katikati, mwanangu. Sema ‘wakubwa wenu’ kwa upole, mtoto asikie ametunzwa.” Nilisema kwa upole. Mama alifumba macho kusikiliza, na kila alipotabasamu, ile kadi ndani ya atlasi ilinichoma kuliko jino. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara mbili nikaufunga.

Siku ya Alhamisi, siku moja kabla ya kurekodi, niliamka shavu la kulia limevimba kama nimeficha andazi. Kichwa kilikuwa kizito na mwili unachemka. Nilijitazama kwenye kioo. Nilifunga kitambaa kichwani mpaka chini ya kidevu, nikaenda jikoni najikaza.

“Shikamoo, bibi. Shikamoo, baba. Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” walijibu, kisha wote watatu wakaacha walichokuwa wakifanya.

“Uso umefanya nini?” mama aliuliza. Mwiko ulikuwa bado hewani.

“Nimeumwa na mdudu.”

“Mdudu gani huyo, tembo?” bibi alisema. Alinivuta karibu, akanigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono wake. “Huyu mtoto anaungua.”

“Mdudu tu, bibi. Patapoa tu.”

Wakati bibi anapasha maji ya chumvi moto na mama anatafuta saa yake ili ajue atachelewa kiasi gani, Kibogoyo aliingia na atlasi yangu mikononi. Alikuwa anapenda kutazama picha za nyangumi kwenye ukurasa wa bahari. Sikulikumbuka hilo hata kidogo. Alimwendea baba na kumpa kadi.

“Baba, haya meno ni ya nani? Yana madoa matatu.”

Baba aliichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kimya kimya. Akageuza nyuma, akasoma tarehe. Alitoa penseli sikioni, akairudisha. Kisha akaivalia miwani ile kadi upya, kana kwamba huenda maneno yangebadilika.

“Majuma matatu,” alisema.

Nililia. Sikulia kwa adabu. Nililia kama Kengele. Nilisema yote, kwa fujo, mwisho kabla ya mwanzo: Ijumaa, na mlango namba tatu, na sifuri ya jirani yangu wa dawati, na asali inavyouma. Mama hakunigombeza. Alivua aproni, akapiga simu stendi, na kwa sauti yake ileile ya matangazo, ila imepungua nguvu, akasema, “Leo sitakuja. Binti yangu anaumwa jino. Hapana, sijui kama kesho ataweza.” Aliposema hivyo nilijua Ijumaa yangu imekwisha.

Tulikwenda kliniki watu watano. Bibi alikataa kubaki, na Kibogoyo hakukuwa na mtu wa kumwachia. Daktari wa meno alikuwa kijana mrefu, mtulivu, mwenye mikono inayonukia sabuni. Ukutani palikuwa na picha ya jino kubwa lililokatwa katikati, likionyesha vyumba vyake vya ndani. Kibogoyo aliuliza nani anaishi humo. “Tutajua sasa hivi,” daktari alisema.

Aliponikagua hakuchukua muda mrefu. Alikaa kwenye kigoda chake, akamgeukia mama.

“Kuna jipu chini ya hili gego. Usaha umefika mfupani. Nitampa dawa, lakini jino lenyewe halifai tena, itabidi litoke leo. Haya mengine mawili nitayaziba.”

“Litaota lingine?” niliuliza kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima.

“Hapana, dada. Hili si la utoto. Liliota ulipokuwa na miaka sita, nalo lilikuja kukaa na wewe mpaka uzeeni.” Aliitazama kadi. “Ungekuja siku uliyopewa hii, huenda tungeliokoa. Siwezi kuapa, lakini huenda.”

Hilo neno “huenda” liliniuma kuliko sindano ya ganzi. Sindano ilikuwa kama kuumwa na sisimizi, halafu shavu likafa, halafu nikasikia kuvutwa tu, bila maumivu. Daktari aliliweka gego langu kwenye kibakuli cha chuma. Lilikuwa na shimo jeusi katikati ambalo punje ya mchele ingeingia na kukaa raha mustarehe.

Ni baba aliyeuliza. “Daktari, mimi kuna kitu sikielewi. Watoto hawa wanapiga mswaki. Nawaona kwa macho yangu, asubuhi na usiku. Imekuwaje?”

“Ni ukoo,” bibi alidakia. “Ukoo wetu una meno mabovu tangu hapo. Hilo liandike kabisa.”

Daktari hakumbishia. Aliomba awaangalie wote, kwa kuwa wamekwisha kuja. Alianza na Kibogoyo: mashimo mawili kwenye magego ya utoto. Akaja kwa mama. Alimulika kidogo tu, akazima tochi.

“Mama, pipi unaiweka shavu la kushoto, siyo?”

Mama alishtuka. “Nani amekuambia?”

“Meno yameniambia. Upande wa kulia una afya. Wa kushoto umeliwa mpaka kwenye ufizi.”

Kisha akamkagua baba. Alimulika juu, chini, nyuma. Aligonga gonga. Akacheka kwa furaha ya mtu wa kazi aliyeona kazi nzuri. “Huyu mzee hana hata shimo moja.”

“Yeye si damu yetu,” bibi alisema. “Si nimekuambia ni ukoo?”

Daktari aliegemeza viwiko magotini. “Bibi, naomba uniambie. Mkishapiga mswaki usiku, kuna kitu chochote kinachoingia mdomoni kabla ya kulala? Chochote, hata kidogo?”

Tulitazamana. Kibogoyo, ambaye hajui kuficha, alifungua mdomo wake usio na meno ya mbele, akaigiza sauti ya bibi barabara: “‘Fungua. Usinywe maji juu yake. Kalale na sauti yako.’”

“Ni asali tu,” bibi alisema. “Asali safi, si sukari ya dukani. Ya kulinda koo.”

“Na mzee, naye hulamba?”

“Inaninata kwenye ndevu,” baba alijibu, safari hii kwa sauti ya chini sana.

Daktari alieleza taratibu, akionyesha lile jino la ukutani. Mdomoni mwetu mna vijidudu visivyoonekana, navyo havijali utamu umetoka mzingani au dukani. Vikila, vinatoa asidi, na asidi inalegeza jino. Mchana mate husaidia kuosha. Usiku tukilala, mate hupungua, na utamu ukibaki mdomoni, vijidudu hula mpaka asubuhi bila mtu wa kuvifukuza. “Mlikuwa mnafagia nyumba vizuri kabisa,” alisema, “halafu mnamwaga chakula sakafuni na kufunga mlango. Na pipi inayokaa shavuni siku nzima haiwapi meno nafasi ya kupumzika. Bibi, nisamehe nikisema hivi: ukoo wenu hauna meno mabovu. Ukoo wenu una asali.”

Njia nzima ya kurudi bibi alitembea mbele yetu peke yake, bila kumsubiri mtu.

Tulipofika, aliketi kwenye kiti chake, akauteremsha mtungi wa asali na kuupakata. Nilikuwa nimeuma kipande cha pamba, siwezi kuongea, basi nilikaa miguuni pake tu.

“Nilidhani nawatunza,” alisema mwishowe. “Kila jioni, kwa mkono wangu mwenyewe. Mama yangu alinilambisha mimi, mimi nikamlambisha mama yenu. Wote tumepoteza meno, na hakuna aliyejiuliza.” Machozi yalimlengalenga. “Nisamehe, mjukuu wangu.”

Sikuwa nimewahi kusikia bibi akimwomba mtu msamaha. Nilimkumbatia magoti. Mama naye alikuja, akazitoa pipi zote mfukoni, akaziweka mezani. Zilikuwa nyingi mpaka Kibogoyo akapiga mluzi kupitia kwenye pengo lake. Kuanzia siku iliyofuata mama alikwenda kazini na chupa ya maji, akawa anapiga funda dogo kati ya basi na basi. Sauti yake haikupungua hata kidogo. Bibi alisema imezidi kuwa nzuri, lakini alisema hivyo akiwa anajaribu kujifariji.

Ijumaa mama alirekodi peke yake. Fundi wa mitambo hakuweza kungoja, na mimi nilikuwa bado nimevimba upande mmoja. Tangazo la watoto lilisomwa na binti wa mkata tiketi. Alisoma vizuri. Ningependa kusema alisoma vibaya, lakini nimeacha uongo.

Miezi sita baadaye tulirudi kliniki, sote, kama daktari alivyotaka. Nyumbani mambo yalikuwa yamegeuka. Asali tulikula asubuhi, pamoja na chakula, ikaisha hapohapo. Usiku, mswaki ndio ulikuwa wa mwisho, na baba ndiye aliyekuwa mwalimu. “Msiharakishe. Dakika mbili. Nyuma kule, pale msipopaona, ndipo kazi ilipo,” alisema, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa mkupuo mmoja. Baada ya kutema povu hatukusukutua kwa maji mengi, ili dawa ya meno ibaki ikifanya kazi. Na baada ya hapo, maji matupu tu mpaka asubuhi. Tulijifunza wote kupiga randa.

Daktari alinimulika, akaandika kwenye kadi: “Hakuna shimo jipya.” Kibogoyo vilevile. Mama vilevile. Hata yale magego mawili ya bibi yalisifiwa.

Tuliporudi tulipita stendi kumsindikiza mama kazini. Palikuwa na msongamano wa mabegi na watu. Mara vipaza sauti vikakoroma, na sauti ya mtoto ikasema juu ya vichwa vyetu, “Watoto, shikeni mikono ya wakubwa wenu. Msikimbie karibu na mabasi.” Kibogoyo alinishika mkono papo hapo. Mimi nilisimama. Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye lile pengo, chini, upande wa kulia. Iliniuma, na sikuficha kwamba inaniuma.

Bibi aliona. Alinivuta kando, karibu na benchi la abiria.

“Nikuulize,” alisema. “Siku ile ulipopewa kadi, uliogopa nini kingetokea ungeileta nyumbani?”

“Kwamba mtanikasirikia. Na kwamba nitakosa kurekodi.”

“Ningekukasirikia, kweli. Mimi ninajijua. Ningepiga kelele, ningeulaumu ukoo, ningemlaumu tabibu na tochi yake.” Alihesabu kwa vidole. “Nusu saa. Hasira yangu haizidi hapo, muulize mama yako. Nusu saa ya kelele, kesho yake kliniki, wiki moja umepoa, na ile sauti pale juu ingekuwa yako. Na mimi ningejua kuhusu asali siku hiyo hiyo, badala ya kuwalambisha majuma mengine matatu. Umeelewa? Ulidhani unaficha shimo lako peke yako, kumbe umeficha la mdogo wako na la mama yako. Kosa la asali lilikuwa langu, na nimelikubali. La kadi ni lako.”

“Nimeelewa, bibi.”

“Basi kuanzia leo, jambo baya niletee likiwa bado bichi. Hizo kelele zangu utazivumilia.”

Jioni ile, tukishapiga mswaki, bibi aliketi kwenye kiti chake kama zamani, nasi tukapanga foleni: mama, mimi, Kibogoyo, na sasa baba nyuma, na ndevu zake. Mkononi hakuwa na kijiko, alikuwa na tochi. Kadi yangu mpya alikuwa ameibandika ukutani, juu ya kiti, mahali ambapo kila anayeingia anaiona.

“Fungua,” alisema. Nilifungua. Akamulika juu, akamulika chini, akakaa kidogo kwenye pengo. Kisha akaizima tochi, lakini hakuniachia nipite.

“Na la kuniambia, unalo?”

“Leo ninalo moja, bibi. Nimevunja mpini wa randa ya baba.”

Nyuma yangu baba alikohoa. Bibi alivuta pumzi ndefu, akatazama saa ya ukutani, na kelele zikaanza. Zilidumu dakika kumi na mbili. Kisha akanipigapiga shavuni, lile la kulia, akasema, “Haya. Kalale na meno yako.”